Mvua ya Dar, Saa za Zulu

Jumapili usiku, Kipawa

Sikukuu ya Muungano, na Barabara ya Nyerere haina foleni, jambo ambalo sisi wa Gongo la Mboto hatulioni mara nyingi. Nimefika upande wa Jengo la Kwanza baada ya swala ya magharibi, nikamkuta Kapteni kwenye benchi nje ya hanga, kikombe cha chai ya rangi mkononi.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Kesho anga inasemaje?"

Hakuuliza nyumbani hawajambo wala usafiri ulikuwaje. Ndiyo makubaliano ya wiki hii: yeye anaendesha, mimi kiti cha kulia, na kazi yangu ya kwanza kila siku ni kumsomea hali ya hewa na kumwambia inamaanisha nini kwa safari yetu, kabla yeye hajaitazama. Ndege ni Cessna Caravan, injini moja, mizigo na abiria wachache. Kesho Unguja na Pemba, kisha Mafia na Mtwara, kisha Dodoma. Ni mwisho wa Aprili, masika imeshika.

Nikamfungulia TAF, yaani utabiri wa kiwanja. Ulianza hivi: TAF HTDA 261630Z 2618/2724. HT ni Tanzania na DA ni Dar. Unguja ni HTZA, Mtwara HTMT, Dodoma HTDO. Umetolewa tarehe 26 saa 16:30 Zulu, na unahusu kuanzia saa 18 ya tarehe 26 hadi saa 24 ya tarehe 27. Hizo ni saa 30, urefu wa mwisho unaoruhusiwa kwa TAF. Zenye urefu wa saa 12 hadi 30 hutolewa upya kila baada ya saa 6, kwa hiyo anayeruka asubuhi kwa TAF ya jana jioni kajitakia mwenyewe.

Zulu ni saa ya Greenwich, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Vyuoni wanafundishwa kujumlisha tatu, na wengi wanabaki na saa ya kizungu ambayo inabidi waigeuze tena kichwani. Kapteni ana njia fupi inayomfaa Mswahili: toa tatu. Zulu 0600 ukitoa tatu unapata saa tatu asubuhi. Zulu 0900 ni saa sita mchana, Zulu 1200 ni saa tisa alasiri. Ikizidi kumi na mbili, punguza kumi na mbili: 16:30 inakuwa saa moja na nusu usiku, ndiyo hiyo karatasi niliyoshika.

Mtego uko kwenye tarehe. Usiku wa manane hapa ni saa 21 Zulu, kwa hiyo tarehe ya Zulu haigeuki mpaka saa tisa usiku. Ndege ikiondoka Dar saa nane usiku wa Jumatatu, kwenye makaratasi bado ni Jumapili. Wanaoruka mchana tu, kama sisi, hawaumizwi na hilo, ila Kapteni aliniuliza mara mbili kwa namna mbili tofauti hadi akaridhika.

Jumatatu: Dar, Unguja, Pemba, Dar

METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja ilivyo wakati huo, ya alfajiri: HTDA 270300Z 24004KT 9999 FEW018 SCT100 24/23 Q1011 NOSIG.

Saa kumi na mbili kamili asubuhi. Upepo unatoka nyuzi 240, yaani kusini magharibi, kasi noti 4. Noti moja ni maili moja ya majini kwa saa, kilomita 1.852. Nyuzi za kwenye METAR na TAF hupimwa kwa kaskazini ya kweli, wakati mnara wa kuongozea ndege unakupa kwa kaskazini ya dira. Dar tofauti ni ndogo, haimsumbui mtu, lakini ziko nchi ambako tofauti hiyo inatosha kubadilisha hesabu ya upepo wa ubavuni.

9999 maana yake unaona kilomita 10 au zaidi. Halafu mawingu. Anga hugawanywa mafungu manane: FEW ni fungu moja au mawili, SCT matatu au manne, BKN matano hadi saba, OVC anga lote limefunikwa. Tarakimu zinazofuata ni futi kwa mamia kutoka usawa wa kiwanja, kwa hiyo FEW018 ni mawingu machache kwenye futi 1,800. Kapteni hashtuki kwa FEW wala SCT. Anachotafuta kwanza ni BKN ya kwanza kutoka chini, kwa sababu hiyo ndiyo dari ya siku. Pili anatafuta herufi CB na TCU, mawingu ya radi na yale yanayojijenga kwenda huko. Hayo mawili tu ndiyo hutajwa kwa aina yake kwenye METAR. Mengine yote hupewa kiasi na kimo basi.

Q1011 ni kanieneo la hewa kwa hektopaskali. 24/23 ni joto la hewa na kiwango cha umande. Pengo la nyuzi moja linasema hewa imeshiba unyevu, ikipoa kidogo tu itatoa ukungu. Saa hizo lakini jua linachomoza, joto linapanda na pengo linafunguka. Pengo hilo hilo saa nne usiku kule Iringa lingenipa wasiwasi mwingine kabisa.

"Na NOSIG?"

"Hakuna badiliko la maana."

"Kwa muda gani?"

Saa mbili. Watu wengi wanaisoma NOSIG kana kwamba imesema siku nzima. Ni saa mbili tangu kipimo kilipochukuliwa, na kipimo chenyewe unapokisoma kimeshazeeka dakika kadhaa.

Ya Unguja ilikuwa na maneno zaidi: 21006KT 8000 -SHRA SCT016 FEW018CB BKN080. Mvua nyepesi ya kupita, na CB chache. Hapo nikamweleza Kapteni ninavyouona mkondo wa bahari kati yetu na kisiwa. Usiku nchi kavu imepoa, hewa imeteleza kwenda baharini, ule upepo wa alfajiri ambao watu wa pwani wanauita umande. Ukikutana na hewa ya bahari iliyo na joto, hewa inapanda na mawingu yanajengeka majini, si mjini. Ndiyo maana msimu huu wavuvi wa Feri na Kunduchi wanalowa alfajiri huku mtu wa Tabata anaanika nguo. Kwa hiyo Dar nzuri, Unguja inapitika, na mvua yenyewe iko katikati, mahali ambapo hakuna METAR.

Akaitikia kwa kichwa. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Nadhani hili ndilo jambo ambalo abiria, na hata marubani wanafunzi, wanalichukulia vibaya. METAR ni habari ya duara moja dogo. Inaeleza kiwanja na eneo la kilomita 8 hivi kukizunguka. Ikiandikwa VCSH au VCTS, ni mvua au radi iliyo jirani, kilomita 8 mpaka 16 hivi. Zaidi ya hapo mtazamaji halazimiki kusema chochote. Kipawa inaweza kuandika anga safi huku Bunju watu wanavuka maji kwa viatu mkononi, na wote wawili wamesema kweli. Mkazi wa Dar anaijua hii bila kusomea: mvua ya Mbezi haimhusu aliye Kariakoo.

Tuliiona mara tu baada ya kupita futi 2,000, ukuta wa kijivu umesimama kati ya pwani na kisiwa, chini yake mvua imeshuka hadi majini. Tukazunguka upande wa kaskazini. Pemba ilikuwa shwari, tukashusha, tukapakia, tukageuza.

Kurudi mchana upepo ulikuwa umegeuka. Mnara ulitoa 170 noti 15, njia ya kutulia namba 23, inayoelekea nyuzi 230. Kusi imeanza kujitambulisha. Tangambili imekwisha, ile miezi ya pepo kutoamua, na kuanzia sasa hadi karibu Oktoba upepo wa Dar unatoka kusini na kusini mashariki kila mchana. Njia kuu ya Dar imelala 05/23, haikuelekea kusini, kwa hiyo kusi inakupiga ubavuni. Nyuzi 60 kutoka usoni, noti 15, zinakuwa noti 13 za ubavu. Caravan imethibitishwa kwenye majaribio hadi noti 20. Tulitua na bawa la kushoto limeinama, gurudumu la upande huo likagusa kwanza.

Jumanne: Dar, hatukuruka

Imenyesha tangu saa tisa usiku. Jangwani barabara imefungwa, mto Msimbazi umetoka kwake. METAR ya saa moja asubuhi: 2500 +RA BKN008 OVC070. Unaona mita 2,500, mvua kubwa, dari futi 800. Safari ya Mafia ni ya kuona kwa macho, kwa hiyo mjadala uliisha kabla haujaanza. Mteja mwenye mzigo alipiga simu mara kadhaa kueleza kwamba Mafia jua linawaka, ndugu yake yuko huko. Kapteni alimjibu kwa adabu kwamba Mafia hatuna shida nayo, shida ni kufika.

Tukaenda ofisi ya hali ya hewa ya kiwanja. Mtabiri wa zamu ni dada wa makamo, miwani imening'inia shingoni, thermosi ya chai mezani. Skrini ya setelaiti inaonyesha pwani yote kuanzia Tanga hadi Lindi nyeupe. Nilikuwa na maswali kuhusu TEMPO, akanisogezea kiti.

TEMPO ni badiliko la kuja na kupita. Kila linapotokea lisizidi saa moja, na yote kwa jumla yasifike nusu ya kipindi kilichotajwa. TEMPO 2801/2807 ni saa sita, kwa hiyo mvua hiyo, kwa makadirio yake, haitachukua hata saa tatu kwa jumla. BECMG ni tofauti: hali inabadilika na haitarudi, na badiliko lenyewe linafanyika ndani ya muda uliotajwa, kwa kawaida saa mbili, lisizidi nne. FM ni badiliko la ghafla kuanzia dakika fulani, na yote yaliyoandikwa kabla yake yanafutika. PROB30 na PROB40 ni uwezekano wa asilimia 30 au 40. Chini ya 30 hawaandiki, na ikifika 50 hawaiiti tena uwezekano, wanaiingiza kwenye utabiri wenyewe kwa TEMPO au BECMG.

"Watu wanadhani PROB30 ni kitu kidogo," dada akasema. "Ukiambiwa mgonjwa wako ana asilimia thelathini, utalala?"

Kapteni ana kanuni yake kwa TEMPO: aisome kana kwamba dakika atakayofika yeye ndiyo dakika yake. Si kwamba haruki. Anabeba mafuta ya kusubiri ipite, na mafuta ya kwenda kwingine isipopita. Huo ndio ufafanuzi ninaoupenda kuliko wa vitabuni, kwa sababu unageuza herufi kuwa lita.

Kisha dada akatuonyesha SIGMET, yaani onyo la hali ya hewa ya hatari, ya asubuhi hiyo. Hii haihusu kiwanja kimoja, inahusu anga nzima inayosimamiwa na Dar es Salaam, yenye herufi HTDC: EMBD TS, kusini mwa latitudo ya 5, mashariki mwa longitudo ya 37, vilele FL450, zinaelekea magharibi noti 10, INTSF. Radi zilizojificha ndani ya mawingu mengine, vilele futi 45,000, zinaongezeka nguvu. SIGMET ya kawaida huishi saa nne. Ya kimbunga au ya majivu ya volkano huweza kufika sita.

Neno la kuogopa hapo ni EMBD. Radi iliyosimama peke yake unaiona kwa macho kutoka mbali, unaizunguka kwa maili 20 na zaidi. Iliyofichwa huioni, unaingia kwenye wingu la kijivu la kawaida na ndani yake kuna nguzo inayopanda na kushuka kwa kasi ambayo ndege ndogo haina jibu nayo. Tuna rada kwenye bawa, ndiyo. Lakini mvua kubwa ya mbele inameza mawimbi ya rada, na kilicho nyuma yake kinaonekana kama anga wazi. Eneo jeusi nyuma ya eneo jekundu si salama, ni eneo ambalo rada haijafika. Kapteni aligonga meza kwa kidole aliposema hilo.

Mazungumzo yakahamia kimbunga Hidaya. Mei 2024 dada alikuwa zamu. Kwa kawaida vimbunga vya Bahari ya Hindi ya kusini magharibi haviji kwetu. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayovipa msokoto ni dhaifu, na vingi hupita kusini zaidi, Madagaska na Msumbiji. Kenneth wa Aprili 2019 ulitushtua Mtwara lakini ukaingia nchi kavu Cabo Delgado. Hidaya ulikuja mpaka Mafia, Mei 4, ukapoteza nguvu ulipofika. Boti za Dar na Unguja zilisimamishwa. Ushauri wa vimbunga wa ukanda huu hutolewa na kituo cha Réunion, nao hapa huugeuza kuwa SIGMET kwa marubani na kuwa tahadhari kwa wananchi, na taarifa ya redioni ya mvuvi inatoka kwenye ramani ile ile iliyompa rubani namba zake. Dada alisema kazi ngumu haikuwa kutabiri njia ya Hidaya, ilikuwa kuandika kwa herufi chache bila kupunguza ukubwa wa jambo. Jina la kimbunga, mahali kilipo kiini, kasi na mwelekeo, kilele cha mawingu, na kitakuwa wapi mwisho wa saa sita. Basi. Hakuna nafasi ya kivumishi.

Kuna watu wanaosema mtindo huu umepitwa na wakati, uandikwe kwa lugha ya kawaida. Sikubaliani nao. Mstari ule ule wa HTDA anausoma rubani wa Doha, wa Maputo na wa Addis Ababa, na hakuna anayehitaji mkalimani. Kinachopungua si lugha, ni watu kujifunza kuisoma yote badala ya kutafuta 9999 na kufunga simu.

Bukoba ilitajwa pia, kama inavyotajwa kila marubani wa nchi hii wanapokaa. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua kwenye hali mbaya ya hewa, watu 19 kati ya 43 wakafa, wakiwamo marubani wote wawili. Hakuna aliyehukumu. Dada alifungua thermosi akatumiminia chai.

Mvua ilikatika saa nane. Mteja akapiga tena.

Jumatano: Mafia, Mtwara, Dar

Njia ya kusini ina tatizo la aina nyingine: viwanja vidogo vya changarawe vya hoteli na visiwa havina METAR wala TAF. Unachukua Dar na Mtwara, unachukua picha ya setelaiti na ramani ya pepo za juu, unajenga katikati yake mwenyewe. Kisha unampigia simu mlinzi wa kiwanja.

Kapteni ana namba za walinzi pwani nzima. Hawaulizi kama hali ni nzuri, kwa sababu kila mwenyeji atakuambia ni nzuri. Leo alimuuliza mmoja: "Kile kisiwa cha mbele unakiona miti yake, au kivuli tu?" Kivuli tu. "Soksi ya upepo imenyooka au imelala?" Imenyooka nusu. "Na imeelekea wapi, msikitini au baharini?" Kwa maswali matatu tulikuwa na umbali wa kuona, kasi ya upepo na mwelekeo wake. Ndege zilizo mbele yako nazo ni taarifa. Rubani akikumbana na mtikisiko mkali au radi ataripoti redioni, na ripoti ya mtu aliyepo ndani yake inazidi utabiri wowote.

Mafia tulitua bila shida, mzigo wa mteja ukashuka, ndugu yake kweli alikuwa juani. Mtwara mawingu yalikuwa SCT, upepo wa kusini mashariki noti 16. Kurudi Dar, tulipita nje kidogo ya pwani kukwepa mawingu yaliyojaa Rufiji.

Alhamisi: Dar, Dodoma, Dar

Asubuhi Dodoma iliandika FEW025 SCT030, Q1019. Dar Q1013. Mgeni angesema kote mawingu yako karibu. Lakini futi za METAR zinahesabiwa kutoka kwenye kiwanja, na kiwanja cha Dodoma kiko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari. FEW025 yake iko kwenye futi zaidi ya 6,100 za altimita yetu, kipimo cha kimo ndani ya ndege. Ramani za mawingu makubwa, zile zinazotoka vituo vya dunia vya London na Washington, zinatumia viwango vya ndege, hesabu ya tatu tena. Ukichanganya hizo tatu njiani, na milima ya Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, hutapata muda wa kusahihisha.

Mchana Dodoma ilikuwa nyuzi 29. Hewa ya kawaida kwa kimo kile ingekuwa karibu nyuzi 8, na kila nyuzi moja ya ziada inaiongezea ndege futi 120 hivi za kimo cha kudhania. Injini na mabawa yetu yalijiona yako juu ya futi 6,000 hata kabla hatujatoka chini. Kapteni aliacha maboksi mawili. Mwenye maboksi alinuna.

Tukiwa tumepita Morogoro, mnara wa Dar ukasoma SPECI. Hiyo ni METAR ya dharura, hutolewa katikati ya ratiba hali inapobadilika kwa kiwango cha maana: 301215Z 14022G34KT 1500 +TSRA SCT012 FEW018CB BKN080 25/23 Q1009.

Saa tisa na robo alasiri. Niliandika kwenye ubao wa gotini kisha nikamsomea kwa maana zake, si kwa herufi. Upepo noti 22 ukipuliza hadi 34, na mpulizo hutajwa unapozidi wastani kwa noti 10 au zaidi. Unaona mita 1,500. Radi na mvua kubwa juu ya kiwanja. Joto limeshuka hadi 25, na saa moja nyuma ilikuwa 31: hewa baridi imeporomoka kutoka ndani ya wingu, kwa hiyo upepo wa karibu na ardhi hauaminiki, unaweza kugeuka kati ya futi 500 na magurudumu.

"Na kanieneo limeshuka nne tangu asubuhi," nikaongeza.

"Hilo acha. Linashuka kila alasiri."

Kweli. Katika tropiki kanieneo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, hufika juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Vitabu vya Ulaya vinakufundisha kwamba likishuka dhoruba inakuja. Hapa linashuka hata siku ya jua kavu. Unaliweka kwenye altimita, maana kila hektopaskali moja ni karibu futi 30, halafu unatafuta dalili za mvua kwingine.

TAF ilikuwa imeandika TEMPO 3011/3014 TSRA, kwa hiyo haikuwa habari mpya. Mafuta yalikuwa ya saa mbili na ziada. Uwanja wa akiba kwenye makaratasi ulikuwa Unguja, dakika chache tu kwa ndege. Kapteni hakuwahi kuipenda akiba hiyo msimu wa masika, kwa sababu wingu linaloweza kufunga Dar linaweza kufunga Unguja nusu saa baadaye. Akiba nzuri ni ile iliyo kwenye hali ya hewa nyingine, si ile iliyo karibu. Tulishaandika Tanga ya pili.

"Kwa hiyo?"

"Tusubiri Bagamoyo hadi saa kumi kasoro dakika tano. Ikigoma, Tanga."

Tulizunguka juu ya Bagamoyo. Upande wa kusini wingu lilikuwa limesimama juu ya Pugu na Kipawa, kichwa chake kimetandaa juu, chini jeusi, umeme unamulika ndani bila sauti ya kutufikia. Huku kwetu jua. Abiria wa nyuma akauliza kwa nini hatutui na anga liko safi. Nikamwonyesha dirisha la upande wa pili.

Saa kumi kasoro dakika kumi mnara ukatoa nyingine: 17010KT 8000 -RA RETS. RE ni ya karibuni, radi imeondoka kiwanjani ila wanataka ujue ilikuwepo. Tulitua njia ya 23, lami inamwaga maji pembeni.

Ijumaa, Mei Mosi

Hakuna safari. Mteja wa Jumanne amepiga, sasa anataka Mafia kesho saa nane mchana, amesikia kwenye taarifa ya habari mvua ni maeneo machache.

Nimefungua TAF mpya: PROB40 TEMPO 0210/0214 3000 TSRA FEW018CB. Toa tatu: saa saba mchana hadi saa kumi na moja jioni. Safari yake imeangukia katikati, kwenda na kurudi.

"Tumwambie nini?" Kapteni akauliza, simu bado iko sikioni kwangu.

"Saa moja asubuhi. Au Jumapili."

Mteja alilalamika kuhusu foleni ya kutoka Mbagala na mzigo kwenye friji. Mwishoni akakubali saa moja. Nikaandika mafuta: kwenda, kurudi, Tanga, na dakika 45 za ziada, nikampelekea Kapteni karatasi. Aliisoma, akaifuta 45, akaandika 60.